Anifa Alizaliwa Lini?

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la pili. La kwanza ni la ofisi: Wakili Candida anataka kila mhitimu anayemchukua aandike humo kila jioni alichojifunza, na kila Ijumaa analipitia kwa kalamu nyekundu. Hili ni langu. Kalamu nyekundu haitalifikia.

Basi, nimeanza kazi. Mimi, Joyceline Theophil, wakili wa miezi mitatu, nimepata nafasi ya mwaka mmoja ya wahitimu wapya wa sheria katika ofisi inayotetea watu waliohukumiwa kunyongwa na hawana uwezo wa kuweka wakili. Tulioomba tulikuwa wengi, tukachukuliwa wawili, na mwenzangu amepelekwa Mwanza. Nilijiona nimeukata, mpaka nilipoiona ofisi. Ipo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la ndoo na mabeseni, na ngazi zake zimejaa marobota ya watu wengine. Wafanyakazi ni watatu: Wakili Candida mwenyewe, ambaye amefanya kazi hii miaka ishirini na hacheki, Mzee Awadhi, karani, ambaye anacheka kwa niaba ya wote wawili, na mimi.

Mzee Awadhi amefunga, leo ni Ramadhani pili. Mimi nimefungua chapati yangu mezani kwake bila kufikiri. Nilipotaka kuificha akaniambia nile tu, yeye anafunga kwa ajili ya Mungu, siyo kwa ajili ya chapati.

Jioni nimepita dukani kwa baba, Mtaa wa Congo. Baba anauza zipu na vifungo kwa jumla. Nimemkuta akimwambia mteja wa Mbeya kwamba binti yake yuko Posta, kwenye kampuni kubwa ya mawakili. Dirisha la ofisi yangu linaonekana pale alipokuwa amesimama.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Paa linavuja mahali panne. Tumeshuka kununua ndoo nne, na muuzaji akauliza kama tunafungua duka la kushindana naye.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepewa jalada langu la kwanza. Mrufani ni Anifa, msichana wa kazi za ndani kutoka Newala. Mwajiri wake alikuwa mjane mmoja, Mama Klara, mtu mzima aliyeishi peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2020 Anifa alimfungulia geti kijana aliyekuwa akimpenda, kijana akaingia na wenzake kuiba, na Mama Klara akafa katika purukushani. Kijana na wenzake walitoroka, hawajaonekana hadi leo. Aliyebaki amekaa jikoni analia ni Anifa. Alikamatwa, akashtakiwa, akahukumiwa kunyongwa hadi kufa.

Nimesoma neno hilo, kunyongwa, mara nyingi chuoni. Leo nimelisoma likiwa na jina la mtu pembeni yake, nikashindwa kumaliza chai.

Wakili Candida ameniwekea karatasi moja juu ya jalada. Ameandika: "Kadi ya mpiga kura inasema amezaliwa 12 Januari 2000. Itazame picha." Nimeitazama. Msichana wa kwenye kadi ana mashavu ya mtoto wa darasa la saba. Sheria inasema mtu ambaye alikuwa hajatimiza miaka kumi na nane siku ya tukio hawezi kuhukumiwa kifo. Hakuna aliyeliuliza swali hilo kortini, na Anifa mwenyewe alisema ana miaka ishirini. Rufaa inasikilizwa tarehe 6 Mei. Kwa hiyo kazi yangu ni moja tu: Anifa alizaliwa lini?

Jumatano, 12 Machi

Leo nimekwenda gerezani na Wakili Candida. Usiku sikulala, nilikuwa natunga maneno ya kumfariji mtu aliyekaa miaka akisubiri kitanzi. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

Anifa ameingia, akamwamkia Wakili Candida shikamoo, akanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka viatuni, kisha akauliza huu msuko wangu unaitwaje siku hizi. Nikamwambia. Akasema mbele umekaa vizuri ila nyuma msusi alikuwa na haraka. Ni kweli, alikuwa na haraka.

Tulipofika kwenye umri akabadilika. Akakunja mikono. Umri wake ni ule wa kwenye kadi. Mama yake amekufa, baba yake alikuwa kuli bandarini na hamkumbuki, cheti cha kuzaliwa hana. Nikamwuliza mara ya pili, na ya tatu kwa ujanja zaidi, akanikatalia zote. Mwishoni Wakili Candida akaweka kalamu chini akamwuliza kwa upole anaogopa nini. Anifa akainama kuelekea kwetu.

"Nikisema kadi niliidanganyia, si watanifungulia kesi nyingine?" akasema. "Hii moja yanitosha."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu amehukumiwa kunyongwa, na anaogopa kushtakiwa kwa kudanganya kwenye uandikishaji. Ndipo akaeleza. Mwanzoni mwa 2020 waandikishaji walipita kijijini, na wasichana wote waliotaka kwenda Dar kufanya kazi walijiongezea miaka, maana bila kadi huna kitambulisho, na bila kitambulisho tajiri hakuchukui. Yeye alijiongezea miwili, au mitatu, hajui. Tarehe aliitunga kwenye foleni. Ya kweli hakuambiwa na mtu.

Wakati wa kuondoka akasema, bila kuulizwa, kwamba Mama Klara ndiye aliyemfundisha kupika ndizi nyama, na kwamba kila siku analifungua lile geti kichwani mwake na kila siku anatamani mkono ukatae. Sikuandika hilo kwenye daftari la ofisi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi kwa msusi. Amekiri.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempata shangazi yake Anifa, Newala, kwa simu. Kwanza alidhani mimi ni tapeli. Nilipomtajia jina la mama yake Anifa akaanza kulia, na dakika tatu za maongezi zikaishia hapo, nikapiga tena. Shuleni hawana la kutusaidia, waliandika umri kwa kumkadiria urefu, na Anifa alikuwa mrefu. Lakini Anifa hakuzaliwa Newala. Alizaliwa hapahapa Dar, Ilala, wakati baba yake akifanya kazi bandarini, na mama alirudi naye Newala akiwa bado hajui kutembea. Akika yake, dua ya mtoto mchanga, ilisomwa na maalimu mmoja wa mtaani pale Ilala aliyekuwa na tabia ya kuandika kila kitu. Jina la maalimu amelisahau. Anayemkumbuka ni mke wa maalimu, aliitwa Sitara, na aliwahi kumpa mchele alipokwenda kumtazama mtoto.

Mzee Awadhi anaishi Ilala. Nilipomtajia Sitara akasema, ah, Bi Sitara, nani hamjui.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Tulikwenda baada ya Mzee Awadhi kutoka msikitini. Mvua ilikuwa imesimama, uchochoro una matope, na Bi Sitara alikuwa barazani anawafundisha watoto kama ishirini, kila mmoja na msahafu wake na kila mmoja anasoma mahali pake. Mumewe alifariki zamani. Chuo amekishika yeye. Nilipomwamkia akanishika mkono akauliza mimi ni mtoto wa nani, na hakuniachia mpaka nilipomaliza ukoo wote hadi Rombo.

Akaleta daftari. Ni daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na ndani yake marehemu ameandika akika zote alizosoma, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mimi nimesoma miaka minne chuo kikuu na mwaka Shule ya Sheria, na pale nilikuwa sijui a wala be. Mzee Awadhi aliitwa kwenye simu na mkewe, kwa hiyo tulibaki wawili. Bi Sitara alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Kisha kikasimama. Anifa, mtoto wa kike, baba yake kuli wa bandarini, mama mtu wa Newala. Akika imesomwa siku yake ya saba, tarehe 27 Shaabani 1423.

Nikamwambia tukio lilikuwa mwaka 1442 mwezi wa Safar, nilikuwa nimeitafuta tarehe hiyo kwenye simu, na nikamwomba anihesabie mtoto alikuwa na umri gani. Akahesabu kwa vidole, miaka kwanza, halafu miezi, akitaja kila mwezi kwa jina lake. Shaabani hadi Shaabani, kumi na nane. Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, Muharamu, Safar.

"Kumi na nane na nusu," akasema. "Alikuwa keshakuwa mtu mzima, mjukuu wangu."

Kumi na nane na nusu. Nimekwenda kutafuta kamba ya kumwokoa nikaleta ya kumnyongea. Mzee Awadhi aliporudi nikamwambia kwamba maandishi hayakupatikana, na Mungu anisamehe, mzee wa watu yuko kwenye funga.

Jumatatu, 24 Machi

Wakili Candida ameuliza habari za Ilala. Nimesema bado nafuatilia. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 27 Machi

Bado nafuatilia. Ndoo zimejaa mara tatu. Baba ameniona nimenyong'onyea akaniletea ndizi za kuchoma. Nikiwa nazila nimemsikia tena anawaambia watu Posta, Posta.

Jumatatu, 31 Machi. Idi Mosi

Leo sitasinzia kabla ya kuandika yote.

Mzee Awadhi alitualika nyumbani kwake kula sikukuu. Wakili Candida alikuja amevaa gauni la maua, nikamtazama mara mbili kuhakikisha ni yeye. Pilau lilikuwa la kuku na viazi, kachumbari ya ndimu, na mke wa Mzee Awadhi hakubali neno "nimeshiba". Mimi nilikuwa nakula kama mtu aliye msibani. Siku kumi nimeibeba ile kumi na nane na nusu.

Binti yao mkubwa akaingia na sinia la matunda. Mzee Awadhi akamtambulisha kwa fahari: huyu amezaliwa siku ya Idi, Idi kama hii hii. Nikamwambia basi leo ni siku yake ya kuzaliwa, hongera. Wakacheka wote. Binti akasema siku yake ya kuzaliwa ni Desemba.

Nikauliza inawezekanaje.

"Idi ya mwaka ule iliangukia Desemba," akasema Mzee Awadhi. "Mwezi unakimbia, mwanangu. Kila mwaka unalipita jua siku kumi, kumi na moja. Ukihesabu kwa mwezi, huyu anazidi mwaka mzima... tuseme nusu mwaka na zaidi, kuliko ukihesabu kwa kalenda yako ya ukutani."

Nikalirudisha tonge sahanini. Kila mwaka mimi huona Ramadhani inasogea, tangu mtoto, majirani wetu nusu ni Waislamu, nimekula futari zao tangu sina meno. Sikuwahi kufikiri kwamba na umri wa mtu unasogea nao. Bi Sitara hakukosea hata kidogo. Alihesabu kwa mwezi, kama alivyohesabu maisha yake yote. Sheria ya Tanzania inahesabu kwa jua.

Nikachukua simu kwa mkono wenye mafuta. 27 Shaabani 1423 ni 2 Novemba 2002. Siku ya saba, ukihesabu na ya kuzaliwa, rudi nyuma: amezaliwa 27 Oktoba 2002. Tukio ni 14 Oktoba 2020. Nikahesabu kwenye simu, nikahesabu kwa vidole, nikamwomba binti wa Mzee Awadhi ahesabu bila kumwambia ni ya nini. Ilikuwa bado siku kumi na tatu atimize kumi na nane.

Nikasimama katikati ya mkeka nikasema yote: daftari, kidole cha Bi Sitara, uongo wangu kwa Mzee Awadhi, "nafuatilia" zangu zote. Nilikuwa nacheka huku nikisema, nilidhani na wao watacheka. Mzee Awadhi alinyanyua mikono kumshukuru Mungu. Wakili Candida hakunyanyua kitu.

"Siku kumi ulidhani umeshika ushahidi unaommaliza mteja wetu, ukakaa nao peke yako," akasema. "Ungeniambia siku ile, ningekwambia siku ileile uhesabu kwa kalenda ya jua. Mficha maradhi kifo humuumbua, Joyceline, na hapa kifo si cha kwako."

Ni kweli. Niliogopa aibu yangu kuliko kamba ya Anifa. Nikaomba radhi, kwake na kwa Mzee Awadhi. Wakili Candida akaniacha nisimame kidogo. Kisha akanivuta mkono nikakaa, akanipakulia pilau mwenyewe, paja la kuku juu yake, na nikaona macho yake yamelowa. Akasema kesho asubuhi tunaanza kuandika, sikukuu au si sikukuu, na leo nile. Nimekula sahani tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia Anifa tarehe yake. Amenifanya niirudie mara nne. Halafu akauliza ilikuwa siku gani ya wiki. Jumapili, nimetafuta. Amesema Jumapili inamfaa.

Jumanne, 8 Aprili

Wakili Candida anasema daftari moja halitoshi. Wakili wa serikali atasimama na kusema limeandikwa juzi. Lakini katika ukurasa huohuo kuna watoto wengine watano wa mwezi uleule. Tukimpata mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa, na tarehe zikakubaliana, daftari litasimama kwa miguu yake. Mzee Awadhi amenisomea majina yote. Wawili familia zao zimehamia Zanzibar, mmoja alifariki mdogo, mmoja hajulikani. Wa tano anaitwa Anuari, na Bi Sitara anasema yupo Kariakoo anauza vitu vya simu.

Kariakoo. Vitu vya simu. Nimeshinda kutwa Mtaa wa Msimbazi nikiuliza Anuari. Nimeonyeshwa Anuari saba. Mmoja ana miaka hamsini.

Ijumaa, 11 Aprili

Anuari wa nane hadi wa kumi na mbili. Nimerudi nimelowa, nimeuziwa chaja ambayo sikuihitaji, yaani nimeinunua mwenyewe, lakini kwa lazima.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimeenda kwa baba nikiwa nimekata tamaa, nikamweleza yote. Sikuwahi kumweleza. Tangu nianze kazi nilikuwa nampa habari za mvua tu, kwa sababu najua mama yake mdogo alimwambia kwamba ninatetea wauaji. Baba alisikiliza huku anapanga zipu kwa rangi. Nilipofika kwenye zile siku kumi na tatu akaacha kupanga.

"Una maana mtoto wa miaka kumi na saba?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akafunga duka. Saa tano asubuhi, siku ya mzigo, Mangi Theophil akafunga duka, jambo ambalo hafanyi hata akiwa na homa. Akanitangulia mitaani. Kumbe mimi niliyezaliwa Kariakoo siijui Kariakoo. Sikuwa nimeuliza wapagazi. Baba aliwauliza wao, wale wanaosukuma mikokoteni, maana ndio wanaopeleka mizigo kwa kila mwenye meza na wanajua majina ya watu na ya mama zao. Kila aliposimama alijieleza upya, na kila mara nilimsikia akisema: huyu ni binti yangu, wakili, ofisi yake ile pale Sikukuu, anamtetea mtoto wa watu asinyongwe. Alisema Sikukuu. Nilitembea nyuma yake nikijipangusa uso, na mvua ilikuwa haijaanza.

Saa nane tukampata. Anuari, mwembamba, mcheshi, anauza makava ya simu karibu na kituo cha mabasi, mtoto wa Ilala. Akafikiri tunamdai. Tulipomweleza akapiga simu kwa mama yake, na mama akasema cheti anacho, kiko kwenye sanduku pamoja na kanga za harusi, mje mkichukue lakini mkirudishe.

Cheti kinasema 22 Oktoba 2002. Daftari la marehemu linasema akika ya Anuari ilisomwa siku ya saba, 22 Shaabani 1423, na hiyo kwa kalenda yetu ni 28 Oktoba. Tumehesabu mezani kwa mama Anuari, mimi, baba na mpagazi mmoja aliyetufuata ili ajue mwisho. Zimekubaliana kama mfuniko na chungu chake.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimeimba sana kanisani. Sauti imekauka.

Jumatatu, 28 Aprili

Hati za kiapo zimesainiwa: ya Bi Sitara, ya mama Anuari, ya shangazi. Bi Sitara alitaka kwanza nimsomee yote polepole, kisha akanisahihisha mahali nilipoandika kwamba mumewe alikuwa "mzoefu". Alitaka "mwaminifu". Nimebadilisha.

Jumanne, 6 Mei

Mahakama ya Rufani. Majaji watatu. Mimi nilikaa nyuma ya Wakili Candida nikiwa na majalada mapajani. Anifa alikuwa kizimbani, amesuka nywele mistari iliyonyooka mbele na nyuma. Baba alikuja, amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya dada yangu.

Kabla hatujaingia niliona kitu. Wakili Candida alisimama pembeni ya korido, akavua viatu, akasimama bila viatu kwenye sakafu ya baridi amefumba macho. Mwanamke ambaye nilidhani haogopi kitu. Akavaa viatu, akaingia, na sauti yake ilikuwa tulivu.

Wakili wa serikali alisema tulivyotabiri, kwamba daftari la mtaani laweza kuandikwa hata juzi. Wakili Candida akapeleka cheti cha Anuari na ukurasa wake. Majaji wakavisoma muda mrefu, wakipokezana. Jaji wa kati, mzee mwenye miwani, akauliza mwaka wa Kiislamu una siku ngapi.

"Mia tatu hamsini na nne, Mheshimiwa. Mara nyingine mia tatu hamsini na tano."

"Na kama mwezi ule uliandama siku moja tofauti na mnavyodhani?"

"Zitabaki siku kumi na mbili, Mheshimiwa, na bado hajafika."

Jaji akaandika. Wakasema hukumu itasomwa tarehe itakayotangazwa. Nje baba alimpa Wakili Candida mkono, kisha akamshika mikono yote miwili.

Alhamisi, 15 Mei

Hakuna habari. Mvua zinaisha, mawingu yanakuja na kuondoka bila kazi. Sili vizuri, na mimi sijawahi kutokula vizuri.

Jumatano, 28 Mei

Tumeitwa keshokutwa.

Ijumaa, 30 Mei

Wameifuta.

Niliyasikia maneno ya hukumu kwa vipande. "Tumeridhika." "Alikuwa hajatimiza umri." "Adhabu ya kifo haikupaswa kutolewa." Nikadhani wamemaliza, nikaanza kulia, kumbe walikuwa wanaendelea: kwa kuzingatia umri wake siku ile na miaka aliyokwisha kukaa gerezani, aachiwe huru, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Mzee Awadhi alinibana mkono mpaka sasa unauma. Anifa pale kizimbani aliinamisha kichwa, na nilimsikia akilitaja jina la Mama Klara.

Karatasi zilifika gerezani alasiri na sisi tukafika nazo. Kwenye dawati la mapokezi kulikuwa na askari mmoja wa kike, Afande Benedikta, na fomu ya kutoka. Akamwuliza Anifa jina, akaandika. Kijiji, akaandika. Kwenye umri hakuuliza, alinakili kutoka kwenye jalada la zamani: ishirini na tano.

Anifa aliinama akasoma. Miaka yote ile alikuwa akikubali kila kilichoandikwa juu yake.

"Afande, samahani," akasema. "Hapo umekosea. Ni ishirini na mbili. Nimezaliwa tarehe ishirini na saba, mwezi wa kumi, elfu mbili na mbili. Jumapili."

Afande akasema yeye anaandika kilichomo kwenye jalada. Wakili Candida akaisukuma nakala ya hukumu juu ya dawati, kidole kwenye mstari. Afande Benedikta akasoma, akamtazama Anifa, akasoma tena. Akakata ile ishirini na tano kwa mstari mmoja, akaandika ishirini na mbili pembeni, akaweka sahihi yake, kisha akaigeuza fomu ili Anifa aweke ya kwake.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na ardhi bado ina maji. Anifa alitembea hatua chache akasimama, mfuko wake wa nguo mkononi, akawa anahesabu kwa vidole. Nilidhani kuna kitu amesahau ndani, nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Dada Joyceline, kumbe mimi bado mdogo."

Nikamwambia ndiyo, bado mdogo sana. Nikampa simu, maana shangazi yake alikuwa hewani tangu tulipotoka mahakamani na alikataa kabisa kukata.